Jibu la Swali la Tatu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wenye kalamu nyekundu, mwalimu mkuu wa shule yetu ya mazoezi, walimu walezi, wazazi mliovumilia viatu vinavyobana kwa heshima ya siku hii, wahitimu, na ninyi mliosimama nje dirishani kwa sababu viti vimekwisha: kabla sijawaamkia, ni vizuri mfahamu nani anawaamkia. Katika ukumbi huu wote, ukimwondoa mgeni rasmi ambaye sijapata nafasi ya kumkagua, hakuna mtu aliyetengeneza walimu wengi kuliko mimi. Chuo kinawapa joho, serikali inawapa cheti, lakini ualimu wenyewe wameupata kwangu, dawati la mwisho, upande wa dirisha.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, salamu zenu mtazipata nje, humu ndani nina haraka.

Namwona Mkuu wa Chuo anamtazama mwalimu mkuu wetu, na mwalimu mkuu wetu anatazama dari. Msiwe na wasiwasi. Kila mwaka mwanafunzi mmoja wa shule ya mazoezi husimama hapa kuwashukuru walimu waliokuja kujifunzia kazi vichwani mwetu, na kila mwaka huchaguliwa mtoto mpole anayesoma karatasi bila kuinua macho. Safari hii nimechaguliwa mimi. Mwalimu mlezi wa darasa letu, ambaye sisi tunamwita Mama Mlezi, aliponipa habari hiyo nilimuuliza, "Mama, kwa nini mimi?" Akanijibu, "Kwa sababu hata nikimchagua mwingine, atakayezungumza ni wewe."

Kwa wasionifahamu, na nawasikitikia, mimi ni kiranja wa darasa la waliorudi. Ndivyo linavyoitwa. Ni darasa la sisi tulioacha shule tukiwa wadogo, kila mtu kwa sababu yake, kisha tukarudi tukiwa wakubwa, kila mtu kwa aibu yake. Mimi niliachia darasa la nne, nikaenda kuosha magari na kuziba pancha, na niliporudi kidevu kilikuwa kimeshaanza kuota ndevu. Siku ya kwanza mlinzi wa geti alinipisha kwa adabu na kuniuliza mtoto wangu yuko darasa gani. Nilimwambia yuko ofisini kwa mwalimu mkuu, amefanya utundu. Akanipa pole.

Chumba chetu ni cha mwisho kabisa, kimepakana na karakana ya useremala. Msumeno ukianza, mwalimu ananyamaza. Mwalimu akianza, msumeno unaanza. Ubao wetu una ufa katikati, na kila mstari unaochorwa ukifika pale unapinda. Ni chumba hicho ambako chuo hupeleka walimu wanafunzi wake kwanza, kwa hesabu kwamba anayeweza kwetu anaweza popote. Je, si kweli? Ni nani kati yenu, wahitimu, ambaye hakutokwa jasho mle?

Na kwa kuwa nimekaa nao wengi, kanuni za mazoezi ya kufundisha nazijua kama ninavyoijua njia ya kwetu. Mwalimu mwanafunzi haachwi peke yake darasani. Mwalimu mlezi awepo, hata kama amekaa nyuma anasahihisha madaftari. Haingii bila andalio la somo ambalo mlezi amelisoma na kulisaini. Hagusi fimbo. Hamtumi mwanafunzi dukani. Hapewi nafasi ya mwalimu aliyeamua kubaki nyumbani. Mkufunzi wa chuo anakuja kumwona akifundisha mara tatu, na somo analoonwa akilifundisha liwe jipya, lisiwe kiporo cha jana kilichopashwa moto ili mgeni asifu upishi.

Wapo wanaosema kanuni hizi zinawabana walimu wanafunzi. Ndugu zangu, hizi kanuni zinatulinda sisi! Kuna mwaka zilifumbiwa macho, tukaachiwa kijana mmoja mwembamba muhula mzima, peke yake, mwalimu wa darasa akiwa amefurahi kupata wa kumshikia zamu. Kabla muhula haujafika nusu, yeye alikuwa analia stoo na sisi tulikuwa juu ya paa. Hakuna aliyejifunza kitu mwaka ule isipokuwa mimi, nilijifunza kushuka paani. Ndiyo maana nikimwona Mama Mlezi amekaa nyuma na madaftari yake, moyo wangu unatulia, na mguu wangu pia.

Sasa nije kwenu wahitimu, niwasifu mmoja mmoja kadiri muda utakavyoruhusu.

Wewe wa tai ya bluu. Usitazame nyuma, ni wewe. Somo lako la kwanza ulizungumza na ubao kuanzia mwanzo hadi kengele, tukadhani ubao ndio mwanafunzi wako na sisi ni wageni wake. Nikakuita pembeni, nikakuambia, "Mwalimu, sisi tuko huku." Leo asubuhi nimekusikia ukiwasalimia wazazi hadi safu ya mwisho, sauti imenyooka. Hiyo ni kazi ya mikono yangu. Na wewe dada uliyekaa nyuma ya maua ukidhani maua yatakuficha: ulikuwa unauliza swali, unalijibu mwenyewe, unajiambia "vizuri sana," na sisi tunakupigia makofi. Nani alikufundisha kutuachia na sisi tukosee kidogo? Sitaki kujisifu.

Naikiri na desturi yetu moja, maana hata wakufunzi wanaijua. Mkufunzi anayewakagua kwetu ni mmoja, tunamwita Bwana Miwani, kwa sababu huvaa miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Yupo pale mbele. Leo amekuja na zote. Basi pikipiki yake ikizimwa getini, aliyekaa dirishani anakohoa. Kikohozi kimoja tu, mashati yanaingia ndani ya suruali, miguu inashuka chini, na yule mwenzetu anayependa kuomba ruhusa ya kutoka anatazamwa na darasa zima mpaka haja inamwisha. Tunawasaidia walimu wetu. Mgeni anapokuja, nani hafagii?

Lakini, wahitimu, tazamaneni. Kuna mwenzenu mmoja hana joho.

Mmemwona asubuhi. Ni yule mwenye gauni la kijani aliyekuwa mlangoni akiwagawia ratiba na kuwaonyesha viti. Sasa hivi amekaa safu ya mwisho, binti yake amemlalia mapajani. Alikuja kwetu siku ile ile mliyokuja ninyi, akafundisha kwetu siku zote mlizofundisha, na leo anawapigia makofi. Sisi tunamwita Mwalimu Taratibu, maana ndilo neno lake. Alikuwa fundi cherehani kabla ya kuingia chuoni, na nadhani ndiko alikotoa tabia ya kutokata kitu kabla hajapima.

Mwalimu mwingine akiuliza swali asipate jibu, anahamia kwa mtu mwingine upesi kama anayetafuta pikipiki wakati mvua inakuja. Mwalimu Taratibu husubiri. Anauliza, kisha anakaa na lile swali, anakutazama bila ukali, na ule ukimya unakua mpaka unaanza kufikiri kwa sababu huna kingine cha kufanya. Na ukishajibu hujamaliza!

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita, mwalimu!"

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini, mwalimu? Ndivyo ilivyo toka zamani!"

"Taratibu. Nionyeshe."

Jamani, mtu amekuja na jibu sahihi mkononi anaambiwa alionyeshe lilikotoka, kama amelikwapua! Nilimwambia hivyo. Alicheka, akanipa chaki. Nilipanga vidoti ubaoni saba saba, ufa ukanipindishia safu, nikafuta, nikaanza tena, na nilipomaliza nilikuwa kwa mara ya kwanza maishani nimeiona hamsini na sita kwa macho. Sikumwambia. Kiranja ana heshima zake.

Mara ya kwanza Bwana Miwani alipokuja kumwona, mambo yalikwenda vizuri. Mara ya pili yalikwenda mrama. Mwalimu aliuliza, akasubiri. Nasi tulikuwa tunafikiri kweli, jamani, tulikuwa tunafikiri hadi mishipa inaonekana. Lakini mtu aliyekaa nyuma na kalamu nyekundu hawezi kuona kufikiri, anaona watu wamenyamaza. Akaandika kwamba darasa limelala. Siku ile ile nilikuwa napita kwenye varanda ya madarasa, nikamsikia Mama Mlezi akimwambia, "Mwanangu, imebaki ya tatu. Hiyo nayo ikianguka, cheti huna." Na Mwalimu Taratibu akasema polepole, "Siwezi kuwajibia, Mama. Nikiwajibia watakuwa wamepata nini?"

Tulijua kilichokuwa mezani. Kuna shule jirani na kwa mama mzazi wa mwalimu wetu iliyokuwa imekubali kumpokea akileta cheti, ili yule binti mnayemwona amelala aache kulelewa huku na huku, leo kwa shangazi, kesho kwa jirani. Ninyi mngekaa kimya? Mnaniona mimi nikikaa kimya?

Nikaitisha mkutano. Ratiba ya masomo ya muhula imebandikwa ukutani karibu na mlango, kama kanuni zinavyotaka, kwa hiyo haikuhitaji upelelezi kujua somo linalofuata ni kugawanya sehemu kwa sehemu. Nikachukua kitabu, nikalipeleka darasa zima nyuma ya karakana wakati wa chakula, nikawakalisha juu ya mbao, na mimi nikasimama juu ya gogo. Nilifundisha. Nawaambia ukweli, niliwaka! Sikuwa na andalio, sikuwa na mlezi, sikuwa na cha kufutia. Nilikuwa na zoezi la kitabuni na majibu yake kule nyuma ya kitabu, na kanuni moja fupi: pindua ya pili, zidisha.

Tuna mwenzetu mmoja, ni mama wa watoto wawili, tunamwita Dada Mkubwa. Akainua mkono.

"Kiranja, hili swali la tatu. Nusu kugawanya kwa theluthi mbili inakuja robo tatu. Mbona imekuwa kubwa?"

"Pindua ya pili, zidisha."

"Nimepindua. Nauliza mbona unagawanya kitu halafu kinakua."

"Dada, unataka mwalimu apate cheti au hutaki?"

"Nataka."

"Basi pindua, unyamaze."

Wakashika. Wote walishika, hadi yule wa kuomba ruhusa. Ukimwamsha usingizini ukamwambia "swali la tano," anakutajia jibu kabla hajafumbua macho.

Siku ikafika. Pikipiki ikazima, dirisha likakohoa. Bwana Miwani akakaa nyuma karibu na Mama Mlezi. Mwalimu Taratibu akaandika swali la kwanza. Kabla chaki haijatua chini, mikono yote juu. Akashtuka kidogo. Akamchagua mmoja, jibu likaja kama risasi. Swali la pili, mikono yote juu, wengine wamesimama kabisa. Mimi nilikuwa nimevimba kichwa, ndugu zangu, nilikuwa natazama darasa langu kama kocha ambaye timu yake inaongoza. Na hapo ndipo wenge liliponishika. Mwalimu akageuka kuandika swali la tatu, akaandika nusu, akaandika alama ya kugawanya, na mimi, kiranja, mtengeneza walimu, nikapaza sauti: "Robo tatu!"

Theluthi mbili ilikuwa bado haijaandikwa.

Hata msumeno wa jirani ulinyamaza. Bwana Miwani akaishusha ile miwani ya kwenye paji, sijui aliivaaje juu ya ile nyingine, akauliza, "Mwalimu, somo hili limefundishwa lini?"

"Ni jipya, mkufunzi."

"Jipya linajibiwa kabla halijaulizwa?"

Nikasimama. Hilo mnihesabie. Nilisimama, nikasema, "Mkufunzi, mimi ndiye niliyewafundisha."

Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe?"

"Mimi. Nyuma ya karakana."

"Kaa chini, kijana. Hata uongo unahitaji andalio la somo."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao, maana ilikuwa nzuri. Akafunga faili lake, akatoka. Kiporo, alisema mlangoni. Kimepashwa moto.

Baadaye chuo kiliita kikao, na nakishukuru kikao kile kwa haki. Mama Mlezi alisimama akasema amekaa nyuma ya darasa lile kila somo, kama kanuni inavyomtaka, na somo lile halijawahi kufundishwa na Mwalimu Taratibu. Mnaona faida ya kanuni? Aliaminiwa. Jina la mwalimu wetu likasafishwa, hakudanganya mtu. Hata Bwana Miwani alimpa mkono, na mwanaume anayetoa mkono baada ya kukosea mimi namvulia kofia. Lakini somo lile lilibaki limefutwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukagua, na muda wa mazoezi ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo lazima arudie muhula mzima. Na kanuni inasema anayerudia atarudia katika shule nyingine.

Mkuu wa Chuo, hilo ndilo lililotuleta, mimi na darasa langu, na wale mnaowaona dirishani si watoro, ni ujumbe wangu. Tumekuja kuomba. Siku ya kikao nilikalishwa kwenye benchi nje ya mlango, na juu ya benchi lile kuna ubao wa matangazo, na kwenye ubao ule kanuni zimebandikwa zote. Nilizisoma. Ndiyo, mimi, nilisoma mpaka chini, kwa kidole. Imeandikwa: atarudia katika shule nyingine, *isipokuwa Mkuu wa Chuo akiona vinginevyo*. Mkuu wetu, tunakuomba uone vinginevyo. Na kama kuona ni tabu, miwani ya ziada ipo pale mbele.

Kanuni ile, nijuavyo mimi, iliwekwa kwa ajili ya mwalimu aliyegombana na shule, asirudishwe kwenye moto. Je, sisi tumegombana naye? Aliporudi darasani siku ya mwisho kutuaga hakututupia hata neno moja la ukali. Alifuta ubao, akakunja ratiba yake ya ukutani, akamwambia Dada Mkubwa amsalimie watoto. Kama kuna shule duniani inayomdai mwalimu yule muhula mmoja wa heshima, ni shule yetu, na kama kuna darasa linaloweza kuapa kutofundishana nyuma ya karakana, ni hili. Mgeni rasmi, nakuomba uwe shahidi: tunaapa. Dirishani huko, mnaapa?

Mmesikia wenyewe. Sauti za watu wazima hizo.

Wahitimu, ninyi nendeni salama. Mkifika kwenye madarasa yenu mtakuta yupo mmoja kama mimi, amekaa mwisho, anajibu haraka. Msimwamini haraka. Wazazi, hongereni. Wakufunzi, asanteni kwa kutuletea walimu wakiwa wabichi. Mama Mlezi, asante kwa kukaa nyuma. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu, na ninayo sentensi moja ya kumalizia, iliyoninyima usingizi kuliko hotuba yenyewe.

Siku ile Bwana Miwani alipotoka, kengele ilikuwa bado. Mwalimu Taratibu alimalizia kuandika theluthi mbili, akaweka chaki chini, akanigeukia mimi, macho yamelowa lakini bila ukali. "Robo tatu," akasema. "Ni sawa. Kwa nini imekuwa kubwa?" Kisha akasubiri. Cheti kimetoka mlangoni na faili la mtu, na yeye anasubiri! Nikatazama darasa langu. Darasa langu likanitazama mimi. Hakuna mkono. Tukakaa vile mpaka kengele ikatuokoa.

Na siku ya kikao, nilipoitwa ndani kabla Mama Mlezi hajasimama, wakubwa hawa hawa waliniuliza, "Kijana, somo lile mlilielewa?" Nami, kwa ajili ya heshima yangu, nikawajibu, "Kama maji." Ningesema kweli, wangejua pale pale kwamba Mwalimu Taratibu hakuwa amelifundisha, kwa sababu anachofundisha yeye tunakielewa.

Basi naisema leo, mbele ya mgeni rasmi, na naomba iandikwe. Maisha yangu yote nimegawana vitu na watu, na kila nilipogawana nilibaki na kidogo. Nusu kugawanya kwa theluthi mbili ni robo tatu. Nalijua jibu hilo usiku na mchana. Kwa nini, sijui.